Baba Yangu Hakulishwa

Watu wa Bugene waliokuwa watoto siku hizo bado huniambia kwamba nilikuwa mwanamke mkaidi. Sikatai. Nilirudi nyumbani kwa baba na talaka yangu, umri wangu umekaribia miaka thelathini, nikakuta nyumba imekwisha kumzika mzee aliye hai, nikakataa kushiriki mazishi hayo. Naandika ilivyokuwa kwa sababu wanaosimulia habari hii hukumbuka kelele zangu tu. Chakula wanakisahau, na jambo lenyewe lilikuwa chakula.

Baba alikuwa mtu wa pwani. Alipanda kuja Karagwe akiwa kijana, kwa miguu, pamoja na msafara wa wanunuzi wa pembe, na pembe zilipokwisha yeye hakurudi. Alimwoa mama yangu, Mnyambo wa Ihembe, akajenga nyumba yenye baraza hapo Bugene, kando ya njia iendayo Kyerwa. Aliuza chumvi, nguo, ushanga na majembe, akanunua ngozi na buni. Wakati ninaousimulia Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Bukoba, na bidhaa zilitujia kutoka huko vichwani mwa wapagazi. Mdogo wake baba, ambaye nilimwita ami, alimfuata baadaye akajenga ubavuni mwetu.

Kila siku baada ya sala ya adhuhuri, wafanyabiashara wa pale walikula pamoja barazani kwetu, wanaume saba au wanane kwenye sinia moja. Aliyepita njiani alikaribishwa. Hapo ndipo zilipojulikana habari zote: mto umejaa au umepungua, nani ananunua ngozi, ng'ombe wa wapi wanaumwa. Baba ndiye aliyeketi kichwani, na mtu akigombana na mwenzake walingoja mpaka wanawe mikono ndipo wamweleze yeye.

Niliporudi, sinia lilikuwa limehamia kwa ami. Baba nilimkuta chumba cha nyuma, amekaa juu ya ngozi, uso ameuelekeza ukutani. Mke wa ami alikuwa amechuchumaa mbele yake na bakuli la uji wa ulezi uliotiwa asali, akimlisha kwa kijiko, akifuta kidevu chake kwa pembe ya nguo.

Nikasema, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba," akasema, bila kugeuka. "Umerudi?"

"Nimerudi."

"Basi umekuta nimekuwa mtoto."

Nilimtazama mikono. Mkono ule uliokuwa ukipima doti za nguo kwa mvuto mmoja ulikuwa umebaki mfupa na ngozi.

Mama alinieleza jikoni. Macho yalianza kumwacha mwaka mmoja kabla, na ishara ya kwanza ilikuwa ushanga. Baba alikuwa na vikapu sita vya ushanga, kila rangi na kikapu chake, na wateja wakaanza kurudi wakisema wameuziwa buluu walipotaka nyeusi. Kisha akaona nzi weusi wakielea mbele ya jicho, akawapunga kwa mkono, wala hawakuondoka. Kisha ukungu. Sasa alitambua mwanga na giza tu, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Tangu kabla ya hayo alikuwa na kiu ya ajabu, mtungi mzima wa maji haumtoshi kutwa, na alikwenda nyuma ya migomba kila mara. Alikuwa mtu mnene, akakonda huku anakula. Na mama, aliyekulia shambani na aliyezoea kuangalia vitu vidogo, aliona jambo ambalo hakumwambia mtu: mahali pale baba alipojisaidia, sisimizi walijipanga kama waliomwagiwa asali.

Nikamwuliza kwa nini baba hali barazani. Akanieleza. Siku moja kwenye sinia baba alipeleka mkono kuchukua nyama, akapindua bakuli la mchuzi wa moto kwenye mapaja ya mgeni. Mgeni hakusema neno, lakini mmoja alicheka, na ami akasema kwa upole kwamba kaka yake amechoka, bora apumzike ndani. Tangu siku hiyo baba hakutoka. Walimpelekea vyakula laini visivyohitaji macho: uji wenye asali, ndizi mbivu zilizopondwa, tende zikipatikana, na yale maji matamu ya ndizi yaliyokamuliwa, kabla hayajachacha kuwa pombe. Walimpa vitamu kwa huruma. Naye mara nyingi alisema ameshiba baada ya vijiko vitatu, kwa sababu hakuna mwanamume wa umri wake anayefurahia kufutwa kidevu.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni jicho la husuda, wengine kwamba aliwahi kukanyaga mahali penye mwiko. Walikwisha kupita waganga wawili. Sikuwa na hoja ya kuwapinga, nilikuwa na hasira tu.

Mwezi ule ule alipita mzee mmoja wa Unyanyembe akielekea Nkwenda kutafuta buni. Baba yake alikuwa tabibu wa pwani, naye mwenyewe alisoma vitabu vya tiba kwa herufi za Kiarabu na kutembea na mfuko wa dawa. Nilimwomba amwone baba. Hakushika jicho kwanza. Aliuliza juu ya maji ya kunywa, kisha juu ya miguu, kama inawaka moto au imekufa ganzi, kisha akataka aonyeshwe mahali nyuma ya migomba. Hapo mama akasema, kwa mara ya kwanza, habari ya sisimizi. Mzee akatikisa kichwa, akarudi akaketi karibu na baba.

"Ndugu yangu," akamwambia, "huu ni ugonjwa wa mkojo mtamu. Pwani tunaujua na sikudanganyi. Macho yaliyokwenda hayarudi. Lakini mwili uliobaki ni wako, na unauua kwa asali."

Alitueleza kwa utaratibu, na mimi nilishika kila neno kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa akishika. Asali basi, sukari guru basi, tende na ndizi mbivu basi, na maji ya ndizi basi. Matoke ale kidogo, yasiwe ndiyo sahani nzima kama desturi ya huku. Maharage kwa wingi, mboga chungu kwa wingi, maziwa, samaki, nyama ikipatikana. Asikae na njaa kutwa nzima kisha akafidia jioni. Alitupa gao la mbegu za uwatu, tuloweke anywe maji yake. Na miguu ikaguliwe kila siku kwa funza na michubuko, kwa kuwa mwenyewe hatahisi. Hakuahidi kupona. Alisema tu kwamba amewaona wazee wa namna hii wakiishi miaka wakikubali kula kama watu wagonjwa, na wakifa upesi wakila kama wageni wa arusi.

Ami alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni. Mzee alipoondoka, akasema mtu aliyepoteza macho asipotezewe na utamu, muda wake wenyewe umebaki kidogo, mwacheni aufurahie. Nikamwambia haufurahii. Nikamwambia aingie amtazame uso anapolishwa. Alisema nimerudi na ulimi ulionitoa kwa mume wangu. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Kesho yake nilishika jiko mimi. Nilipika maharage na mnavu, kipande kidogo cha toke, na samaki wa moshi kutoka Mto Kagera ambao watu wa Kyerwa walileta sokoni. Mama alisita juu ya samaki, kwa maana kwao hawakuzoea kumla, na tena kwa sababu ya miiba. Ami alituma neno kwamba mwiba utamkwama na nitaitwa muuaji. Nilimpelekea baba maneno hayo pamoja na sahani. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi, aligeuza uso kutoka ukutani.

"Nilikula samaki kabla sijang'oka meno ya utoto," akasema. "Vidole vyangu vinaujua mwiba kuliko macho yake."

Nikaweka sahani mbele yake. Akapapasa, akaingiza vidole kwenye mboga.

"Samaki yuko wapi?"

"Hapo, Baba."

"Hapo ndiyo wapi? Hapo ni neno la wenye macho."

Tulikaa hivyo, yeye mkono hewani, mimi nimeinama. Kisha akauliza kibla iko upande gani wa mahali alipoketi. Nikamwambia iko nyuma ya bega lake la kulia. Akajigeuza, akavuta sahani, akaketi kuelekea kibla kama anayetaka kusali.

"Sasa niambie kama unamwelekeza mpagazi."

Ndipo nikaelewa. Baba alikuwa ametembea nchi hizi zote kwa miguu. Huku Karagwe kibla kwetu ni upande wa kaskazini, Ruanda ni kushoto, ziwa ni kulia, na nyuma yetu ni Usui. Nikamwambia maharage yako kibla, samaki yuko Ruanda, mboga ziko upande wa ziwa, na toke liko Usui, mbele ya tumbo lake. Midomo yake ikacheza kidogo.

"Basi ngoja niende Ruanda," akasema.

Alimla samaki yule kwa utulivu, akimchambua kwa kidole gumba na cha shahada, akiweka miiba ukingoni mwa sahani mmoja mmoja. Ilimchukua muda mrefu mno. Hakubakiza kitu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na sikumsikia akipumua.

Tangu siku hiyo sahani yake ilipangwa hivyo kila mlo. Kwa kuwa bado alitofautisha mwanga na giza, niliweka chakula kwenye chombo cheusi cha udongo cha Kinyambo, kizito, kisichopinduka, na chini yake nikatandika kipande cha amerikani nyeupe. Ukingo wa chombo akauona kama kivuli. Ami alilalamika kwamba nguo mpya inafanywa kitambaa cha sahani. Baba akajibu kutoka ndani kwamba nguo ni ya duka lake.

Sitasema ilikuwa rahisi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuja kutoka Ihembe na kibuyu kikubwa cha asali, heshima ya shemeji mgonjwa. Huwezi kukataa asali ya mjomba. Niliipokea kwa mikono miwili, nikapiga magoti, nikashukuru, nikasema itawafaa wageni wa nyumba, kwa maana baba hatumii tena. Mjomba aliweka mkuki wake chini na kuuliza ni nyumba gani hii inayomnyima mzee kitu kilichobebwa kutwa nzima kwa ajili yake. Mama alitazama chini. Mimi nilikuwa na jibu, na lingekuwa baya. Lakini baba alitangulia.

"Shemeji," akasema, "asali yako nimeisikia harufu tangu ulipoingia uani, na mate yamenijaa kinywani. Inaniua. Ukinipenda niletee maharage yenu ya Ihembe."

Mjomba aliokota mkuki wake, akaaga kwa ukavu. Baada ya mavuno mzigo wa maharage ulifika, na kila mwaka baada ya hapo.

Na baba mwenyewe hakuwa malaika. Siku moja mchana niliingia dukani, ambako alikuwa ameanza tena kukaa, akipima chumvi kwa kopo na kuwatambua wateja kwa sauti. Nikamkuta kimya kuliko kawaida. Kitambaa kilichofunika sukari guru kilikuwa kimekunjuliwa, na ndevu zake zimegandana.

"Nimekula," akasema kabla sijafungua kinywa. "Duka ni langu."

"Duka ni lako, Baba. Na mwili."

"Basi usininyime. Umechukua kazi ya kuninyima, umekuwa askari. Nikikataa kitu nitakikataa mwenyewe."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa haki. Nilikuwa nimemtoa mikononi mwa waliomlisha, nikamtia mikononi mwangu. Nikamwambia sitaficha kitu tena, ila namwomba asikilize kiu yake mwenyewe. Siku tatu zilizofuata alikunywa maji kama zamani, akapata kizunguzungu, na ule mwanga mdogo aliokuwa nao akasema umechafuka. Siku ya nne akawaita wateja wawili waliotaka sukari guru, akawauzia yote iliyobaki, na akaagiza isiletwe tena. Hakunieleza sababu. Sikuuliza.

Idi ilikaribia. Wakati huo mwili wake ulikuwa umeanza kujaa, mashavu yamerudi, sauti imerudi, na akasema sala ya Idi ikimalizika atakula na watu barazani kwake. Ami alikuja kunishauri. Hakuwa mtu mwovu, nataka hilo lijulikane. Alimpenda kaka yake na hakuvumilia kuona watu wakimcheka. Alisema atakuja mfanyabiashara mkubwa kutoka Bukoba, na wengine wa Nkwenda. Akapendekeza baba awekewe bakuli lake pembeni na mtu wa kumlisha, ili aonekane bila kuaibika. Nilimwambia ashauriane na kaka yake. Alitoka kwa kaka yake uso umemwiva.

Siku ya Idi nilipika wali, mbuzi, maharage na mboga. Sinia la wanaume lilikuwa moja, lakini mbele ya mahali pa baba nilitandika kitambaa cheupe na kuweka chombo chake cheusi, kimejazwa vyakula vile vile, wali kidogo. Wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu. Baba alitoka amevaa kanzu nyeupe, mkono ukigusa nguzo ya baraza, akaketi kichwani. Watu waliacha kuzungumza.

Yule mkubwa wa Bukoba aliketi kulia kwake. Alikuwa mtu wa adabu. Alikata kipande kinono cha nyama, akakizungushia wali, akanyoosha mkono mpaka kwenye midomo ya baba, kama anavyofanyiwa mtu unayemheshimu. Baba alihisi tonge likigusa ndevu. Akainua mkono wake, akaushika mkono wa mgeni kwenye kifundo, akaushusha taratibu.

"Ndugu yangu, Mungu akulipe heri. Tonge hili kula wewe. Mimi nina mkono."

Kisha akageuza kichwa kuelekea mlangoni. "Mwanangu," akaita, "leo kibla kuna nini?"

Mke wa ami alinishika nguo. Mwanamke hapazi sauti wakati wanaume wanakula, tena siku ya Idi, tena mwenye talaka. Nikapaza sauti.

"Kibla kuna nyama ya mbuzi, Baba. Ruanda kuna maharage. Ziwani kuna mboga. Wali uko Usui, ni kidogo."

Ami aliinamisha kichwa. Baba akaenda kibla, akapata nyama, akaila. Akaenda Usui, na nusu ya wali ukamwagikia kifuani. Mtu mmoja alipeleka mkono kumpangusa, naye akasema kanzu hufuliwa, endeleeni kula. Ndipo mzee mmoja wa Nkwenda, ambaye zamani alibeba mizigo njia ile ile na baba, akaanza kucheka. Hakumcheka, alicheka kama mtu aliyekumbuka jambo. Akasema Usui siku zote palikuwa mahali pa kupoteza mizigo. Wengine wakacheka, na baba akacheka zaidi yao, na mmoja akaanza kueleza jinsi walivyotozwa hongo ya njia huko Usui, na mazungumzo yakaanza.

Ami hakusema nami siku kumi. Siku ya kumi na moja sinia la adhuhuri lilirudi barazani kwetu.

Baba aliishi miaka sita baada ya Idi ile. Alikwenda Ihembe kwenye arusi za ukoo wa mama, akishika fimbo na bega la mtu yeyote aliyekuwa karibu, na huko aliwafundisha wenyeji wake wampangie sahani kwa pande za dunia. Macho hayakurudi, hata ule mwanga ulikwisha. Sikupata siku ya kusema nimeushinda ugonjwa, na sitaki mtu adhani hivyo. Nilichokataa ni kusema kwamba mtu asiyeona akikonda, ndiyo desturi yake.

Vita vya wazungu vilipofika mpakani, samaki wa Kagera walikatika, maana mto ulikuwa na askari pande zote mbili. Chumvi ilikatika pia. Tulikula maharage na mboga kama kila mtu. Katika mwaka wa pili wa vita funza aliingia kidole kidogo cha mguu wa baba. Nilikuwa nimekwenda Nkwenda siku tatu kutafuta chumvi, na hakuna aliyekagua miguu. Niliporudi kidonda kilikuwa kimechimba mpaka mfupani, na hakikupona. Hilo najilaumu, na sihitaji kusaidiwa kujilaumu.

Siku ya mwisho asubuhi alitaka maziwa na maharage kidogo. Nilimwambia kila kitu kiko wapi. Mkono wake ulichukua muda mrefu sana kufika kinywani. Nilikaa nikiungoja, sikuushika.

Baada ya arobaini ami alikuja na wazee wawili. Alisema mwanamke asiye na mume hawezi kukaa dukani kando ya njia ya askari, basi yeye atachukua mizani na bidhaa, nami nitapewa matumizi. Mama alinitazama. Niliwakaribisha wakae, nikawapa kahawa ya kutafuna, nikawasikiliza mpaka wakamaliza. Kesho yake asubuhi nilifungua milango ya duka, nikatoa mizani nje, nikaketi.